Kadi Mia Tatu Nilizopeleka Likasi

Niliondoka Tunduma kwa sababu cherehani zangu nne zilikuwa zimenyamaza. Shule iliyokuwa ikitupa kazi ya sare ilipata fundi mwingine, na Neema na wenzake watatu wanaonishonea nilikuwa nimewaambia kweli: nisipopata oda ya ovaroli mwezi huu, tunafunga. Dereva mmoja wa lori akanitajia mkutano wa wafanyabiashara na watu wa migodi huko Likasi, Kongo. Basi nikajiandaa kama mtu mwenye akili, nikachapisha kadi mia tatu. "Mkurugenzi Mtendaji," kwa maandishi ya dhahabu. Mkurugenzi wa cherehani nne, moja haina kanyagio!

Siku mbili za kuvuka Zambia nilizitumia kujizoeza kutoa kadi kwa vidole viwili, nikijichekea kwenye kioo cha dirisha la basi. Jirani yangu akahama kiti. Mpakani Kasumbalesa nilimpa kadi hata aliyenigongea muhuri. Akaigeuza, akanirudishia ndani ya pasipoti. Nikalala Lubumbashi, alfajiri nikapanda gari la Likasi.

Saa nne asubuhi niliingia ukumbi wa parokia. Wenyeji walikuwa wakizunguka kupeana mikono, mmoja mmoja, wakiulizana habari za nyumbani, hakuna anayerukwa. Mimi nikaona huo ni upotevu wa wakati. Kila mkono ulionyooshwa kwangu niliuwekea kadi, nikapita. Mzee mmoja alibaki ameishika, akaniuliza, "Papa, hata jambo hapana?" Nikamwambia namba ya simu iko nyuma.

Saa saba kikaja chakula: bukari, yaani ugali wao, na samaki wa Kapolowe waliopikwa kwa mawese. Nilikaa ubavuni mwa Mama Odette, mnunuzi wa nguo za kazi za karakana moja kule mtaa wa Panda. Mtu kama huyu ndiye niliyemfuata kutoka Tunduma! Akanipa kadi yake kwa mikono miwili. Nikaitia mfukoni bila kuitazama, maana nilishaanza kutaja bei. Kisha mwiba wa samaki ukanasa kwenye jino. Nikapapasa mfukoni, nikakunja pembe ya kadi, nikachokoa, huku naendelea kuusifu mshono wangu.

Mama Odette akaweka tonge chini.

"Papa Directeur," alisema Mama Odette taratibu, "iyo karte iko mu meno yako, ni yangu?"

Nikaitoa. Jina lake lilikuwa limelowa mawese. Jamani, aibu ile simtakii hata adui! Mama Odette akanawa mikono, akasema "Bon," yaani haya, akahamia meza nyingine.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Panda bila kadi hata moja, kuomba radhi tu. Oda nilishaizika. Nilimkuta mlangoni mwa karakana.

"Mama, nimekukosea. Nisamehe."

Akanikagua toka viatu hadi kichwa, akanisogezea kiti. "Ikala. Sasa njo unakuya sawa muntu. Ulilala muzuri?" Yaani sasa ndipo nimekuja kama mtu.

Tulikaa saa nzima. Akataka kujua kama mama yangu yu hai na nina watoto wangapi. Nami nikauliza, kumbe magoti yanamsumbua, na mumewe ni mwimbaji wa kwaya asiyejua kuimba. Nguo hatukuzigusa, mpaka alipopita mchomeleaji mmoja, ovaroli imempasuka katikati ya miguu.

"Yote inapasukaka palepale," Mama Odette alilalamika.

Fundi hakosi sindano kwenye ukosi. Nikapiga magoti, nikamshona akiwa amesimama, naye ananisihi nisikosee shabaha. Karakana nzima ikacheka. Mama Odette akauvuta mshono kwa nguvu zake zote, nao ukagoma kuachia.

"Utushonee salopette makumi ine," akasema. "Kama inapasuka, usirudie huku."

Ovaroli arobaini! Nikampigia Neema palepale. Alipiga vigelegele simuni, mimi nikalia mbele za watu.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi, na siku hizi sijitangazi mahali kabla sijasalimia. Hilo nilifunzwa pale karakana, Mama Odette alipofungua daftari lake la oda na kushika kalamu.

"Bon, papa. Jina yako ni nani?"

Kadi zangu zaidi ya mia zilikuwa zimetapakaa Likasi, na huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza jina.