Bao la Kabugho

Wanaume wa Bwera wana kipaji kimoja kikubwa: kusahau. Wamesahau kwamba walimcheka Kabugho alipovaa viatu vya mpira vya kaka yake na kuingia uwanjani kucheza nao, mwanamke wa kwanza kuthubutu hivyo upande huu wa mlima. Walimwita jikedume. Walisema hatapata mume, na akimpata hatazaa. Akaolewa, akazaa, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumtaka radhi.

Mwenye domo kuliko wote alikuwa Yeseri, golikipa. Siku moja Kabugho alimpiga chenga, akamwacha amekaa matopeni, akausukuma mpira golini bila haraka. Yeseri akainuka, akapangusa kaptula, akamwambia refa kwamba bao la mwanamke halihesabiwi. Na refa, zuzu wa mwisho, akalikataa. Baadaye Kabugho alichezea timu za Kasese mpaka goti likamgomea, akarudi nyumbani kuwa kocha. Lakini bao lile lilimkaa rohoni.

Aliwakusanya wasichana wa mashamba ya kahawa, akaunda timu, akaiita Mabinti wa Mpaka. Walipokuwa wakifungwa, hakuna mwanamume aliyewajua. Walipoanza kushinda, wanaume wakaunda kamati! Na mwenyekiti akawa nani? Yeseri, sasa ana kitambi, na fimbo ya kutembelea ambayo miguu yake wala haiihitaji.

Timu ilipofika fainali dhidi ya Kasese, mwenyekiti akaamua kukodi wachezaji kutoka Kasindi, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Kabugho akakataa katakata. Waliohangaika hadi fainali ndio watakaocheza, alisema. Yeseri akamfukuza ukocha papo hapo, akajiteua yeye.

Kisha huyo bwana mkubwa akakubali mechi ichezwe Ijumaa. Hata mtoto anayenyonya hapa Bwera anajua Ijumaa ni siku ya soko la Mpondwe, pale mpakani, na siku ya soko mtu wa Kasindi haachi biashara yake akafuate mpira, hata umpigie magoti. Yeseri alizaliwa hapa hapa. Sijui masikio yake alikuwa ameyaazima wapi.

Siku ikafika. Uwanja umefurika, Kasese wanapasha misuli, na kutoka Kasindi hajaja hata mmoja. Mabinti wa Mpaka walikuwa wameketi nyasini, viatu mikononi.

"Bila Mama Kochi sisi hatuchezi," nahodha wao Naswiba alimwambia Yeseri.

Ikabidi mwenyekiti amfuate Kabugho kwenye kamba ya watazamaji, jasho likimtiririka.

"Mama Kochi, saidia sisi. Batu beko nangojea," alisihi, akiuonyesha umati uliokuwa ukingoja.

Kabugho hakuivuka kamba. Alikuwa ameingoja siku hii tangu ujana.

"Ile goli yangu, Yeseri. Ilikuwa goli ama haikuwa goli?"

"Goli gani?"

"Unaijua."

Yeseri akatazama viatu vyake. "Ilikuwa goli," akanong'ona.

"Mimi nimesikia. Sasa chukua ile spika, ambia na hawa wengine."

Akakishika kipaza sauti, akakohoa, akasema. Uwanja mzima ukaangua kicheko, kile kile cha zamani, ila sasa kilikuwa kimempata mwenyewe. Machozi yakamlenga Kabugho, akayafuta kwa kiganja na kuvuka kamba.

Yeseri alikuwa ameshakimbilia kukaa tena kwenye benchi ya kocha.

"Mzee," Kabugho alimwambia, "toka kwa benchi yangu."

Akatoka. Hata fimbo aliisahau.