Kilio Matetini

Kwa miaka hamsini na minne Bi Mahfudha aliwajua ndege wa aina mbili tu: wa kuliwa, na wa kufukuzwa kwenye mpunga ulioanikwa. Alizaliwa Unguja, sasa akiishi Missouri City, Texas, akihudumia wagonjwa kwenye kliniki ya kusafisha damu kule Stafford. Jumamosi yake ilikuwa ya kulala mpaka adhuhuri, na mumewe, Shamte, alikwishajifunza kutembea kwa ncha za vidole.

Aliyemharibu ni Prudensia, muuguzi mwenzake, Mhaya mwenye darubini. Mwezi wa Machi alimburuta hadi kwenye hifadhi ya kinamasi, eti wakanyooshe miguu. Hawajafika mbali, akatua domomwiko: ndege wa rangi ya waridi, mdomo kama mwiko wa ubwabwa, akipepeta maji huku na huku kama mtu aliyedondosha pete. Mahfudha alishika kifua. Aliuliza kama rangi ile ni ya kuzaliwa nayo.

Tangu hapo hakulala tena Jumamosi. Alijifunza kumtofautisha yangeyange na kulastara, akawajua bata wapigao mbinja, na mamba mkubwa aliyejianika ukingoni alimpa shikamoo kila alipopita, maana umri wake haujulikani.

Katikati ya Aprili, asubuhi yenye ukungu, yeye na Prudensia walikuwa kwenye njia ya hifadhini wakila sambusa pale kilio kilipotoka matetini. Kilikuwa kirefu, chembamba, cha kukata maini. Wakaacha kutafuna. Kikaja tena. Mahfudha, aliyelea watoto wake wanne na saba wa wenzake, akasema yule ni mtoto mchanga na ametupwa.

Prudensia akamkamata baibui. "Dada, mle mna mamba."

"Na mtoto naye yumo," akasema Mahfudha, akamkabidhi sambusa yake.

Akaokota fimbo, akalikunja baibui hadi magotini, akaingia. Tope lilimeza kiatu cha kushoto, hakukirudia. Nyuma yake alimsikia Prudensia akisali kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, pengine ili asikosekane wa kuitika. Kilio kikapaa tena, karibu kabisa. Mahfudha akayapasua matete.

Mbele yake palisimama ndege wa kahawia mwenye madoa meupe, mrefu kama kuku aliyevutwa shingo na miguu, konokono mkubwa mdomoni. Chini yake vifaranga vyeusi, laini kama sufi, vilikuwa vimekodoa macho. Pembeni, juu ya kigogo, ndege wa pili alifumbua mdomo na kulia kile kilio cha mtoto. Wakatazamana wote, wenye nyumba na mgeni.

"Samahani jamani," Mahfudha akawaambia kwa adabu. "Nilidhani kuna matatizo."

Hapo kicheko kikamshika. Alicheka mpaka akarudi nyumanyuma na kukaa majini. Prudensia alipoona mwenzake anatikisika bila sauti alidhani mamba kamfikia, akaingia naye, viatu vyote viwili, sambusa mkononi.

Mzee mtunza hifadhi aliwakuta wakijikokota kutoka, wametapakaa tope hadi nyusini. Aliwakaripia vizuri: kuacha njia ni kosa, na kusumbua ndege ni kosa kubwa zaidi. Mahfudha aliomba radhi, kisha akaeleza aliyoyaona. Mzee akamwomba arudie habari za vifaranga. Ndege wale, alisema, walianza kufika Texas miaka michache tu iliyopita. Yeye amewasikia misimu miwili, wala hajapata kuona makinda yao pale. Na anayelia vile, akaongeza, ni dume.

"Mama analisha, baba analia," akasema Mahfudha. Kicheko kikawashika upya, safari hii na mzee ndani yake.

Jina la Mahfudha likaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa langoni, kama mtu wa kwanza kuviona vifaranga vile, na wiki nzima wagonjwa wa kliniki walidai awaigizie kile kilio.

Jumamosi iliyofuata Shamte alikuja, akisisitiza kwamba yeye ni dereva tu. Familia ile ilikatiza njia mbele yao, mama mbele, vifaranga msururu nyuma yake. Shamte alimnyang'anya mkewe darubini na hakuirudisha. Alihesabu sita. Mahfudha alihesabu saba. Walibishana kwa furaha hadi nyumbani, na Prudensia, aliyeketi nyuma, alipoulizwa, akasema vinane.