Keki za Nanasi za Yueh-chin

Yueh-chin aliuza nguo miaka ishirini mjini Chiayi, na kila asubuhi aliweka nanasi mlangoni ili wateja wamiminike, maana kwao jina la tunda hilo husikika kama "neema yaja". Duka lilipofungwa, akapata kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Alitamani sana wenzake wapya wampokee, kwa hiyo siku ya kwanza akawaletea keki za nanasi.

"Mama wee!" Muuguzi mkuu, Shu-fen, akashika kichwa. "Nanasi huku? Wateja wetu si ni wagonjwa!"

Na kweli wakamiminika. Yueh-chin hakuketi kutwa nzima, wala hakuacha kuomba radhi. Jioni Shu-fen akamvutia kiti, akafungua boksi la keki.

"Kaa, dada. Balaa tumeshalipata, basi keki tuzile. Ila kesho njoo mikono mitupu, umesikia?"