Nadine azipima risasi zake kwa shuka

“Hilo shuka litakusaidia kulala, Nadine. Kuingia shambani kwangu halitakusaidia.”

“Sijaja kulala, Merle. Nimekuja kupiga mbele ya macho yako, kwenye mawe yako mwenyewe, na risasi utachagua wewe.”

“Risasi zako nazijua. Moja ilikuja yenyewe mpaka mlangoni.”

Ni saa tatu asubuhi, Jumamosi ya pili ya Juni, katika bonde la Lost Mill, Pennsylvania. Nadine Fetterolf, mama wa miaka 58, amesimama upande wa barabara na shuka jeupe la kitandani begani. Upande wa pili wa uzio yupo Merle Hostetter, mfugaji wa ng’ombe wa maziwa, mikono mifukoni, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Pikapu tatu zimeshapunguza mwendo. Ya nne imezima injini kabisa, na dereva wake hana hata aibu ya kujifanya anakagua gurudumu.

Anachotaka Nadine ni kitu kimoja: ruhusa ya kuwinda buku kwenye lusini ya Merle, majani anayolishia ng’ombe wake, kama alivyowinda kwa miaka kumi na tisa kabla mlango huo haujafungwa. Bila neno la Merle, bonde zima linamkwepa.

Buku wa huku ni mnene kama pimbi aliyeshiba, mwenye miguu mifupi na kucha za kuchimbia. Shimo lake lina mdomo mpana kama ndoo. Ng’ombe akitumbukiza mguu, mguu umekwenda. Trekta likitumbukiza gurudumu kwenye mteremko, ni dua tu. Galen, mume wa Nadine, alipinduka na trekta kwa shimo la namna hiyo, na mpaka leo anatembea kwa fimbo.

“Siku ile niliapa,” anasema Nadine. “Nikasema hawa wanyama nitawafuata mmoja mmoja mpaka nichoke mimi au waishe wao. Na mimi kuchoka sijui.”

Kazi yake ya siku zote ni kuendesha basi la shule; ana miaka ishirini na nne kwenye usukani. Shule zikifungwa Juni, mshahara nao unafungwa. Kiangazi anaishi kwa buku, dola kumi kwa mmoja, na kwa risasi anazowajazia wawindaji wengine. Kabla ya mkasa wake na Merle alikuwa na mashamba kumi na manne. Sasa yamebaki manne.

Risasi anazijazia chumba cha chini ya nyumba, kwenye meza iliyobanwa na chupa za biringanya na viazisukari vya siki. Kila ganda linasafishwa, linatiwa fataki mpya kitakoni na baruti iliyopitishwa kwenye mizani ndogo kuliko kiganja, kisha linavishwa kichwa, kile kipande kinachoruka. Hapo kwenye kichwa ndipo akili ya kazi ilipo. Wenye bunduki wanakipima kwa greni, na greni kumi na tano hazifiki gramu moja.

“Watu wanauliza bunduki gani, bunduki gani,” anasema. “Bunduki ni mdomo tu. Niulize kichwa kina uzito gani na ngozi yake ikoje.”

Anaeleza kama anayegawa nyama. Kichwa chepesi cha greni hamsini, chenye ngozi nyembamba ya shaba, kinakwenda kwa kasi ya ajabu, na kikigusa kitu kigumu kinapasuka kuwa vumbi. Ubaya wake, upepo unakichezea: ukivuma wa wastani, kwenye yadi mia nne unakisukuma kando futi moja na nusu. Kichwa kizito cha greni mia moja, cha kulungu, upepo hakiuogopi. Lakini ngozi yake ni nene. Kikikosa nyama kikapiga jiwe, hakipasuki. Kinaruka, na kikisharuka hakuna anayejua kitaishia wapi.

Miaka miwili iliyopita kiliishia kwa Lorraine, mkewe Merle.

Nadine hafichi jambo hilo. Siku hiyo vichwa vyepesi vilimwishia, na kwenye sanduku mlikuwa na risasi tisa za kulungu zilizobaki tangu majira ya baridi. Akaona kununua nyingine ni uharibifu. Akazichukua hizo tisa, akabeba bunduki yake kubwa, ile wanayoiita mbili-nne-tatu, akaenda. Buku alikuwa yadi mia tatu na arobaini. Akamkosa kwa upana wa kidole. Risasi ikagonga jiwe, ikavuka uwanja, ikatoboa debe la maziwa mlangoni mwa chumba cha maziwa. Lorraine alikuwa ameinama kuokota ndoo.

“Ningekuwa nimesimama, usingekuwa unaniona hapa,” anasema Lorraine, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi.

Dukani kwa muuza chakula cha mifugo habari iliota miguu. Asubuhi lilikuwa debe. Mchana likawa ndama. Jioni Merle alikuwa ametobolewa kofia, na mtu mmoja aliapa ameliona tundu. Merle hakukanusha. Alifunga lango tu, na kwa kuwa Merle si mtu wa kufunga lango, wenzake tisa wakafunga yao.

Mlango wa jikoni nao ukafungwa. Zamani, Jumamosi za kuvuna majani, Nadine alikuwa na kiti chake kwa Lorraine, kile kinachokaa karibu na jiko. Tangu debe lile hajakikalia.

Leo anayebanwa si Nadine peke yake. Buku wameshavuka lusini na sasa wanachimba chini ya ukuta wa zizi. Wiki iliyopita mtamba wa Merle alivunjika mguu, ikabidi achinjwe. Watu wa pikapu wanalijua hilo. Ndiyo maana hawaondoki.

“Haya,” anasema Merle hatimaye, bila kumtazama. “Shimo la kokoto. Lakini mimi ndiye nitakayepanga.”

Wote wanaelekea huko, pikapu nne nyuma yao. Mpango ni huu. Shuka linatundikwa kwenye nguzo mbili, nyuma yake ukuta mrefu wa udongo. Hatua nane mbele ya shuka Merle anapanga mawe yake, makubwa kwa madogo, na anachagua makali kwa makusudi. Nadine atapiga mawe. Risasi ikiruka, shuka litasema.

Anaanza na zile za kulungu. Siku hizi vitako vyake amevipaka rangi nyekundu ya kucha, ili hata mkono uliochoka usikosee. Anapiga tatu kutoka yadi mia mbili. Shuka linapata matundu matatu, moja refu kama la ufunguo. Lorraine, aliyefika na aproni yake, analitazama tundu hilo muda mrefu. Hakuna anayecheka.

“Hiyo ndiyo niliyokuletea siku ile,” Nadine anamwambia Lorraine. “Nilitaka uione wewe kabla ya mtu yeyote.”

Lorraine anaitikia kwa kichwa. Wanalitundika shuka upande mwingine, matundu ya zamani yakazungushiwa kalamu.

Sasa anachukua bunduki nyembamba na vichwa vya greni hamsini. Merle anaingiza mkono sandukuni na kuchagua mwenyewe, kama anayechagua mayai. Kumi kutoka yadi mia mbili: mawe yanatoa moshi mweupe, shuka halina kitu. Kumi kutoka mia tatu: madoa ya udongo tu.

“Mama, fua!” mtu wa pikapu anapiga kelele, na hapo ndipo watu wanacheka.

Merle hacheki. “Dada, wewe unasifika kwa kupiga yadi mia nne. Bonde zima tumechoka kusikia mia nne zako. Basi rudi nyuma.”

Nadine anarudi nyuma. Upepo umeshaamka na unatoka kushoto. Analala kifudifudi, anangoja majani yatulie. Anapiga tano, taratibu, na mawe yote matano anayapata. Pikapu zinapiga honi.

Merle anatembea hadi kwenye shuka. Miwani ya kusomea ameisahau nyumbani, kwa hiyo anasogeza pua karibu, anapekua toka juu mpaka chini, kisha anaupitisha mkono. Anageuka.

“Sioni kitu.”

Ingetosha Nadine anyamaze. Mashamba tisa yalikuwa yamesimama pale kwenye midomo ya watu wa pikapu, yakingoja.

“Mimi naona,” anasema Nadine. Anaingiza ncha ya kidole kidogo karibu na pindo. Kidole kinatokea upande wa pili. “Hapa. Kipande. Kwa umbali ule kasi imeshapungua, kichwa hakikupasuka chote.”

Aliyesema mama afue anatazama viatu vyake.

“Kwa hiyo?” anauliza Merle.

“Kwa hiyo kwako ni mia tatu. Zaidi ya hapo sipigi, hata buku akisimama akanionyesha ulimi. Mbili-nne-tatu haivuki lango hili. Na upande wa nyumba sielekezi mdomo wa bunduki kabisa.”

“Mia nne ndizo zilizokupa jina.”

“Jina halijazi gunia, Merle. Nitatambaa nisogee. Magoti ninayo bado.”

Mpango wake hauna mapambo. Anataka ukuta wa zizi uwe salama kabla ya mavuno ya pili ya majani, mwezi ujao. Kisha abishe hodi kwenye malango tisa, moja baada ya jingine, akiwa na shuka hilohilo na tundu lake. Anakusudia pia kuwafundisha wote anaowajazia risasi kupaka kucha, kama anavyosema mwenyewe, wanaume na ndevu zao.

Merle anavua kofia, anajikuna, anaivaa tena. Anaangalia kule lusini inakopandia mlima, ambako buku mmoja amesimama wima mdomoni mwa shimo lake kama mwenye shamba. Neno la mwisho si lake. Anamtazama mkewe.

Lorraine ameshalifungua shuka kwenye nguzo na analikunja, pindo kwa pindo, tundu likibaki juu.

“Tambi na kuku vinapoa,” anasema. “Merle, kamata hiyo bunduki yake, iache barazani. Na wewe, shoga, vua hayo mabuti yako ya matope uingie ule. Kiti chako sijakisogeza.”