Koki Chini ya Kitanda

Torsten Hedlund alijiwekea mtihani wake mwenyewe: gari likiamka salama baada ya baridi, basi na mkewe ni mzima. Hivyo sivyo akili ya mtu inavyopimwa, lakini hofu ikikukaba utapimia chochote.

Majira yote ya baridi binti yao Ylva alikuwa akipiga simu kutoka mjini. "Baba, mama anasahau. Anauliza jambo lilelile tena na tena. Mpeleke kwa daktari."

"Nani anasahau?" Torsten alikuja juu. "Vuli tulipoliweka gari, maji alimwaga nani? Si yeye? Subiri tuliwashe, utaona mwenyewe."

Kwao kazi iligawanywa hivyo tangu waliponunua lile gari la kulala, lenye kitanda na jiko ndani, Ylva akiwa bado anabebwa. Kila vuli, kabla ya baridi kali, waliliingiza kwenye banda la jirani lililokuwa la ng'ombe zamani. Torsten aling'oa betri akaenda kuihifadhi nyumbani. Mkewe Majken alipiga magoti, akafungua koki ya tangi la maji ya moto chini ya kitanda, akaacha mabomba yote wazi. Maji yakibaki humo, baridi ya Norrland, kaskazini mwa Uswidi, haina msalie mtume: yanaganda, yanavimba, yanapasua chuma. Na hakuna aliyekagua kazi ya mwenzake. Kukagua kungekuwa matusi.

"Umemwaga?" Torsten alimuuliza vuli iliyopita.

"Nimemwaga, mzee." Yakaisha.

Sasa theluji ilikuwa imebaki vibonge tu kando ya njia. Torsten alifunga betri. Injini ikakohoa, ikagoma, ikakohoa tena, ikashika. Lo, alivyofurahi! Aliupiga usukani kofi akacheka peke yake. Majken alikuwa mlangoni na kopo la kahawa, maana kahawa yao ya kwanza ya mwaka hupikwa humo garini, hata kama gari bado limo bandani.

Kwa pupa Torsten alijaza maji, akawasha pampu kabla ya kuangalia koki. Siku zote hunguruma kidogo ikanyamaza. Safari hii haikunyamaza. Maji yalitoka chini ya kitanda yakamlowesha viatu.

Aliizima, akapiga magoti, akafungua kabati. Tangi lilikuwa limepasuka juu hadi chini. Koki imefungwa, na tangu vuli hakuna aliyeigusa. Akaigusa, pengine macho yanamdanganya. Imefungwa kabisa. Tangi lenyewe hata hakulifikiria; alimfikiria Majken.

"Ebo! Maji yote hayo!" Majken alichungulia. "Mzee, vuli hukumwaga?"

Torsten alimtazama usoni akitafuta utani. Haukuwepo. Aliuliza kweli.

"Nilisahau, mama," akasema.

"Miaka yote unamwaga wewe, leo usahau?" Majken akacheka, akampangusa magoti kwa kitambaa. "Uzee huo, usijali. Mimi nipo."

Simu ikalia mfukoni mwa Majken. Alikuwa Ylva, anauliza gari limeamkaje. Majken alisogea nje, akashusha sauti, lakini kuta za banda lile ni mbao tupu, kila neno hupenya.

"Mwanangu, usimwambie kama nimekwambia. Baba yako ameanza kusahau. Naogopa, Ylva. Tumpeleke kwa daktari."

Torsten alikuwa bado chini, anakausha sakafu.

"Nimesikia," akaita. "Mwambie nitakwenda. Ila wewe unisindikize, Majken. Tuingie wote wawili."