Watu wa Angani Wasiopakwa Rangi

Miaka ya tisini nilikuwa nauza mitumba, na muuza mitumba hashangazwi ovyo. Nilishaona kila kitu kikitoka ndani ya belo: makoti ya manyoya, gauni la harusi lenye doa la mvinyo, hata kiatu kimoja cha kuteleza kwenye barafu ambacho mama yangu alikitumia kukunia nazi mpaka kikapotea. Kwa hiyo siku nilipomwona yule mtu wa angani kwenye meza ya fundi redio, sokoni katika kambi ya Nyarugusu, nilikasirika kidogo kwa jinsi nilivyoshangaa.

Alikuwa na urefu wa gunzi la muhindi. Alisimama kati ya redio mbili zilizotolewa matumbo, mguu mmoja mbele, kichwa kimeinuka. Mgongoni alibeba mtungi wa hewa uliokuwa zamani betri ndogo, na kofia yake ilitengenezwa kwa kioo cha balbu ya tochi. Nikamgusa mkono, mkono ukakunjika. Nikamgusa goti, nalo likakunjika. Nikauliza huyu ni nani. Fundi, Mkongo mwembamba aliyekuwa akiyeyusha risasi kwenye waya, alinijibu bila kuinua macho kwamba ni rubani, chombo chake kimeharibika na anasubiri vipuri. Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mteja kuwa spika imekufa.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikimaliza kuuza mapema kuliko wenzangu, hata kwa hasara, ili nikakae kwenye kigoda chake. Nilimpenda fundi yule, niseme wazi. Si mapenzi ya kuvunja nyumba, maana alikuwa na mke wake na mimi nilikuwa na ulimi uliowafukuza wachumba wa Kasulu wote. Ni yale mapenzi ya kumtazama mtu akifanya kazi na kuomba asimalize.

Alianza na waya. Aliupinda kwa koleo mpaka ukawa mifupa, na kwenye kila kifundo akavisha kipande cha mpira wa valvu ya baiskeli ili kiungo kikunjike na kibaki pale kilipokunjwa. Halafu nyama. Alilowesha mifuko ya karatasi ya unga na magazeti, akavitwanga kwenye kinu mpaka vikawa uji mzito, akachanganya na gundi ya muhogo aliyoipika mwenyewe. Ndani ya gundi alitia pilipili kichaa. Nilidhani ni uchawi wa kwao, kumbe ni kwa ajili ya panya. Watu wake wa kwanza walitafunwa wote na panya, maana muhogo ni muhogo hata ukiwa na kofia ya chuma. Baada ya pilipili, panya alionja kidole gumba cha mmoja wao na hakurudi tena.

Uji ule aliubandika kidogo kidogo kwa kijiti cha kuchokolea meno. Ungeona anavyotengeneza bega ungenyamaza. Hakuwa na kielelezo mbele yake, alikuwa akijishika bega lake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akilipapasa, kisha anarudi kulitengeneza la yule mdogo. Mgongo ndio uliomshinda, akamwomba mkewe asimame. Mwili ulipokauka, akauvisha vifaa kutoka kwenye redio zilizokufa: koili zikawa mikanda, vipande vya antena vikawa bunduki za mwanga, na vile vidude vyenye mistari ya rangi akavipanga kifuani.

Lakini ngozi yenyewe aliiacha hivyo hivyo, ya kijivu, herufi za gazeti zikionekana mapajani. Hakupaka rangi hata mmoja. Nikamwambia kwamba mtu mzuri hivi kumwacha uchi ni dhambi, tena rangi zipo, mimi mwenyewe ningemletea kutoka Kasulu. Akatikisa kichwa.

"Miye nafanyaka mwili tu," akasema. "Kuleri iko kazi ya mudogo wangu."

Ndipo akanieleza. Kwao Uvira, ng'ambo ya ziwa, yeye na mdogo wake walikuwa wakienda kwenye kibanda cha video kuangalia picha za vita vya nyota. Lugha hawakuielewa, kwa hiyo kila mmoja alirudi nyumbani na hadithi yake na wakagombana njiani. Wakaanza kutengeneza watu wao wenyewe ili wamalize ugomvi. Mkubwa alifinyanga, mdogo alipaka. Hakuna aliyewahi kugusa kazi ya mwenzake. Vita vilipoingia mjini, mkubwa alikimbilia mtumbwini na mke na watoto, na mdogo, aliyekuwa upande wa pili wa mji siku hiyo, alionekana na majirani akielekea Burundi kwa miguu. Habari zikaishia hapo. Fundi alishaandikisha jina lake kila mahali panapoandikishwa majina. Hakupata jibu. Alifikiri kwamba ikiwa mdogo wake yu hai, basi alivuka mpaka pamoja na Warundi na kujiita mmoja wao, kwa sababu ndilo jambo ambalo mtu mwenye akili angefanya.

Yeye hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Mimi nilikuwa na miguu, na magulio yangu yalikuwa Kasulu, Mtabila, Kibondo na Kakonko. Nikamwambia anipe mmoja nimweke kwenye meza yangu, juu ya mashati. Mtu akimfahamu, atasema. Alisitasita sana, akaniuliza kama nitamfunika mvua ikinyesha. Halafu akanikabidhi rubani na masharti yake: nisimuuze, lakini mtu akitaka kumpaka rangi, nimwache ampake.

Hivyo ndivyo nilivyozunguka nyanda zile na mtu wa angani. Watu wetu si wepesi wa kutania mgeni, lakini mimi si mgeni, nilitaniwa mpaka nikakoma. Kibondo waliniuliza kama ndiye mume niliyempata hatimaye. Nikawajibu kwamba huyu walau hanywi. Mama yangu alipomkuta ndani alimwita shetani wa bati, akamgeuza uso ukutani, na kila asubuhi alimsalimu kwa lugha yetu, "mwakeye", kwa sauti ya chini, ili ikiwa ni shetani basi asije akasema alidharauliwa.

Mimi nami nikaambukizwa. Fundi alinifundisha kupinda waya na kubandika nyama, na nikatengeneza mtu wangu wa kwanza, ambaye miguu yake ilikuwa ya mtu na kichwa chake cha mbuzi, ingawa sikukusudia mbuzi. Kwa kuwa huyo alikuwa wangu, nilimpaka. Nilitumia rangi ya kucha nyekundu, rangi ya fedha waliyobakiza mafundi wa mageti, na brashi ya manyoya ya mbuzi niliyoifunga kwenye unyasi. Aling'aa kuliko baiskeli mpya. Nikampeleka kwa fundi nikiwa nimevimba kichwa.

Alimtazama kwa heshima kubwa, maana alikuwa mtu wa adabu, akamgeuza huku na huku. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa: "Mutu anatoka mbali vile, anakuwa safi namna gani?"

Ndipo nikajua mdogo wake alikuwa mpakaji wa aina gani. Yule kijana alianza na weusi, mkaa uliosagwa na mafuta ya taa, mwili mzima. Juu ya weusi aliweka rangi, akaifuta kwa kitambaa kabla haijakauka, ili ibaki ya uchovu. Rangi ya fedha aliigusisha kwenye kingo tu, pale ambapo mkanda husugua na mkono hushika kila siku. Mwisho alichukua kutu ya bati na vumbi la barabara, akavibandika magotini na kwenye nyayo. Watu wake walikuwa wamepigana, wamelala nje, wamepiga magoti. Fundi alipokuwa akinieleza haya, vidole vyake vilikuwa vikifuta na kusugua hewani. Alijua kila hatua, na bado hakuthubutu kufanya hata moja. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa mabega yote aliyofinyanga.

Mara moja tu rubani alirudi akiwa na rangi. Mchora mabango wa Kibondo alimchukua akidhani mtengenezaji ameishiwa, akampaka njano na nyekundu mpaka ndani ya masikio. Kazi safi kabisa. Fundi alipomwona tu alijua si mkono wa mdogo wake, akaniomba nimshukuru yule bwana, akamweka kwenye rafu pembeni ya yule mtu wangu wa kichwa cha mbuzi. Akanipa mwingine wa kijivu, mwanamke mwenye jicho moja la diodi, kile kitaa kidogo cha redio, nami nikaendelea.

Ikapita masika, ikapita kiangazi, na masika mengine yakaanza. Yule mwanamke wa jicho moja alipotea Kakonko. Niligeuka kumpimia mtu suruali, niliporudisha macho hayupo. Nilifoka, nikalaani ukoo mzima wa mwizi, mpaka wauzaji wa dagaa wakaniomba nipumzike. Kumweleza fundi kulinichoma sana. Alisema si kitu. Akapanga koleo zake upya mezani ingawa zilikuwa zimepangika. Kisha akaniomba nimwazime brashi yangu na rangi zangu, kwa sababu sasa angepaka mwenyewe.

Nilielewa maana yake. Mkewe naye alielewa, maana aliacha kupepeta mchele. Siku fundi atakapopaka rangi, mdogo wake atakuwa amekufa. Nikamwambia brashi imeliwa na panya. Akaniuliza, je, rangi? Nikamwambia nazo zimeliwa. Tulitazamana, yeye akijua kwamba nadanganya na mimi nikijua kwamba anajua, na wala sikuona haya. Niliinuka, nikafunga belo langu, nikaondoka nikiwa na hasira na dunia nzima.

Gulio lililofuata Kakonko lilikuwa la matope. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alisimama mbele ya meza yangu kwa muda mrefu bila kugusa nguo. Nilikuwa nakaribia kumfukuza alipofungua kanga na kumtoa mwanamke wangu wa jicho moja, mchafu kuanzia kofia hadi nyayo. Sikumwacha aseme. Nilimwambia kwamba kuiba ni jambo moja, lakini kumwachia mtoto aburure kazi ya mtu kwenye matope ni ukosefu wa malezi, na mengine ambayo hayaandikiki. Alinisubiri nimalize. Nikampokonya sanamu, nikatema mate kwenye pindo la kanga yangu, nikaanza kusugua matope magotini.

Hayakutoka.

Nikasugua tena. Nikamwinua kwenye mwanga. Chini ya ule uchafu kulikuwa na buluu iliyochoka, na chini ya buluu kulikuwa na weusi, na kwenye ukingo wa mkanda, pale ambapo mkono hushika, palikuwa na mstari wa fedha mwembamba kama unywele. Nikakaa juu ya rundo la suruali za wateja.

Yule mama alinieleza taratibu. Mtoto wa jirani ndiye aliyemwokota sanamu, na mumewe alipomwona mikononi mwa mtoto alimnunua kwa muhindi wa kuchoma. Mumewe alikuwa akilima mashamba ya watu nje ya mji. Hakuja sokoni kwa sababu hakuwa na karatasi yoyote, na watu walimjua kama Mrundi. Alikuwa amekaa na yule sanamu siku kadhaa, kisha akaanza kusaga mkaa. Alimtuma mkewe aniulize kitu kimoja tu: huyu aliyetengeneza mwili, umemwacha wapi?

Sikungoja siku yangu ya Nyarugusu. Niliacha mzigo Kasulu, nikaingia kambini mikono mitupu isipokuwa kile kifurushi cha kanga. Fundi alikuwa ameshika redio ya mtu. Nilikifungua kifurushi, nikamsimamisha yule mwanamke wa jicho moja mezani mbele yake.

Hakumchukua mara moja. Alimtazama. Akalowesha kidole, akasugua goti, akatazama kidole chake. Kilikuwa safi. Akasugua tena, kwa nguvu zaidi, kama nilivyofanya mimi. Mkewe alikuja akasimama nyuma yake na kumwekea mkono begani.

"Ako muzima," fundi akasema. Akamwambia mkewe, akaniambia mimi, akamwambia na mwenye redio ambaye hakuelewa kitu. "Mudogo wangu ako muzima."

Alilia, nasi tukalia, mwenye redio akaondoka ili asitusumbue. Nilidhani baada ya hapo atanipa maneno marefu ya kupeleka Kakonko, na nilikuwa nimejiandaa kuyashika yote kichwani. Badala yake aliingia ndani. Nilisikia akivuta kitu kizito kutoka chini ya kitanda, kisha akatoka akiburura gunia la unga. Akalifungua. Walikuwa wamejaa hadi mdomoni, kila mmoja amefungwa kwenye gazeti lake: marubani, askari, mwanamke aliyebeba mtoto mwenye kofia ndogo ya balbu, mzee wa antena, wote wa kijivu. Mimi nilidhani katika muda wote ule alitengeneza wale niliowaona tu. Alifunga gunia vizuri, akajaribu fundo, akanitwisha mwenyewe.

"Umuambie alichelewa," akasema. "Kazi imekuwa mingi."