Sindano Zisizoingia

Mwaka ule ambao mvua ilikataa kukatika, hata mashuka ya hospitali ya misheni yakawa yanaanikwa ndani ya madarasa, kijana mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi aligunduliwa kuwa na ugonjwa usio na dawa: uso wake haukujua kusema uongo. Mgonjwa alimtazama tu akipita na faili mkononi, akajua kama atatoka hospitalini kwa miguu au kwa machela. Sista mkuu, mama mpole aliyeupenda ukweli ila si kwa kiasi kile, alimwita ofisini.

"Mwanangu," alimwambia, "uso wako ni ubao wa matangazo. Nenda stoo ukapange bandeji. Bandeji hazina hofu."

Wenzake wakamwita Tangazo, na jina hilo likamganda kuliko lile la ubatizo.

Tangazo alipanga bandeji, akapevuka, akarudishwa wodini, akawa tabibu na mwalimu wa matabibu, akaoa, akastaafu. Alipenda kusema kwamba katika utumishi wake wote hakuwahi kumponya mtu; aliwashika tu mkono mpaka wakachoka kuugua. Basi daktari mmoja, mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alipomwita ajifunze tiba ya sindano ya Kichina kwa ajili ya utafiti wa maumivu sugu ya kiuno, Tangazo aliamini kwamba amekumbukwa kwa ustadi. Baadaye alifahamu kwamba vijana wote wenye mikono thabiti walikuwa wamekwisha kupata kazi kwingine.

Alijifunza kwa kuchoma mto, kisha mche wa sabuni, kisha, kwa ushujaa usio na akili, paja lake mwenyewe. Alichechemea wiki nzima.

"Wenzako wanaumwa kiuno," mkewe alisema, "wewe unaumwa masomo."

Sharti la utafiti lilikuwa moja, nalo gumu. Wagonjwa waligawanywa kwa kura. Wengine walichomwa sindano za kweli. Wengine waliwekewa sindano butu, ambazo zikigusa ngozi ncha zake hurudi ndani ya mpini, kisha hushikizwa kwa plasta ndogo zisianguke. Mgonjwa amelala kifudifudi, hajui amepata zipi. Mchomaji anajua, lakini haruhusiwi kuonyesha hata kwa kikohozi. Yaani katika mji mzima ule, siri ilikabidhiwa Tangazo. Alijifariji kwamba wagonjwa wangemwelekezea migongo, si macho.

Kilichomponza ni majivuno. Dada yake mkubwa, aliyefua mashuka ya hospitali ile tangu usichana hadi kiuno chake kikagoma, hakuwahi kuamini kwamba mdogo wake ni mganga wa kitu chochote. Tangazo alimshawishi ajiandikishe, wala hakumweleza daktari kwamba ni nduguye. Alitaka tu, mara moja kabla ya kufa, dada amwone akifanya kazi. Na alidhani kwamba kura, kwa heshima ya familia, ingeelewa. Kura haikuelewa. Dada aliangukia sindano butu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo utanichoma, au utanipapasa kama juzi?"

"Nachoma, dada."

"Mbona sisikii kitu?"

"Nina mkono mwepesi."

"Wewe? Wewe uliyevunja vikombe vyote vya mama?"

Nyuma ya pazia, kitanda cha pili, alilala dereva wa lori aliyepata sindano za kweli. "Mama, usimseme vibaya mzee," aliingilia. "Mimi nilikuja hapa nimepinda kama ndoano. Jana nimebadilisha tairi mwenyewe!"

"Basi huyo ana mikono miwili, baba. Mimi kanipa wa kushoto."

Maneno hayo dada aliyarudia kwenye benchi la wagonjwa, kwa muuza magazeti na kwa yeyote mwenye masikio. Tangazo alipita katikati ya vicheko akiwa amejiinamia. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo aliyokatazwa. Aliona kwamba Mungu ana ucheshi: mtu aliyeshindwa kuficha vifo vya watu sasa alipaswa kuficha heshima yake mwenyewe.

Ikafika asubuhi ambayo dada hakutania. Alipanda kitandani kwa kujivuta, vidole vimeuma ukingo wa godoro, na jasho likamtoka.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "niambie kweli. Nikiendelea kuja nitapata nafuu, au niache? Maana kuja tu hapa ni mateso."

Tangazo alivuta droo, akatoa sindano ya kweli. Moja tu, nani angejua? Akaishika, akafikiri juu ya hesabu za daktari na juu ya wagonjwa ambao wangetibiwa kesho kwa kuzitegemea, akairudisha. Wakati huo huo dada akageuza shingo kumtazama. Tangazo alijifunika uso kwa taulo na kupiga chafya ya kubuni, mbaya kiasi kwamba dereva alimtakia afya kwa mashaka.

Akatoka moja kwa moja hadi kwa daktari, akakiri kila kitu.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba mtu asitibu ndugu yake?"

"Nilifundisha vizuri. Tatizo sikuwa nasikiliza."

"Nitamtoa kwenye utafiti. Akishatoka ana haki ya kuambiwa, na ya kutibiwa. Utamwambia wewe."

Alimwambia katika veranda ya nyuma, mbali na benchi. Dada alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo muda wote huu nimelala mgongo wazi nabandikwa plasta?"

"Ndiyo, dada."

"Na mimi nimeutangazia mji kwamba hujui kazi!"

"Hilo huenda ni kweli. Ila hukuwa na ushahidi."

Dada alianza kucheka, akashika kiuno. "Usinichekeshe, shetani wee, kinauma! Na hizo za kweli ziko wapi?"

"Daktari atakuchoma mwenyewe."

"Simjui huyo. Aliyenidanganya ndiye atakayenichoma."

Tangazo aliondolewa kwenye utafiti, jambo aliloliita kupandishwa cheo, lakini daktari alimruhusu kumhudumia dada yake. Sindano ya kwanza ilipoingia, dada alipiga yowe na kumwita jina ambalo halifai kuandikwa. Hakuinuka akacheza. Baada ya majuma kadhaa alisema kwamba maumivu yamepungua kidogo, akaongeza upesi kwamba huenda ni hali ya hewa.

Habari ya mwisho ya Tangazo tuliyo nayo ni ya Jumamosi moja asubuhi. Alikwenda nyumbani kwa dada yake, akanawa mikono, akamchoma sindano kiunoni, akakaa kwenye kigoda mpaka dada alipopata usingizi. Kisha akazitoa moja moja, akamfunika shuka, akafunga mlango taratibu.